Mtambo wa Upepo Juu ya Bati: Kweli na Uongo Kisiwani Pemba

Mwaka 2010 waya wa umeme ulilazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga hadi Pemba, kwa msaada wa Norway, na majenereta ya dizeli ya Wesha yakapumzika. Lakini umeme bado hukatika, na uniti za mita ya Tukuza, ya kulipia kabla, bado huisha usiku wa manane. Ndiyo maana kila kusi likianza kuvuma hutokea mtu akauliza: kwa nini tusijifungie mtambo wetu wa upepo nyumbani? Swali ni zuri. Majibu yanayozunguka barazani ndiyo yenye kasoro.

"Pemba imezungukwa na bahari, upepo tunao kila siku."

Nusu kweli. Kaskazi huvuma Disemba hadi karibu na Machi, na kusi hupata nguvu zake hasa Juni hadi Agosti. Manahodha walisafiri kwa pepo hizi mpaka Oman na kurudi. Ila nahodha aliweza kungoja upepo, na jokofu halingoji. Tena Pemba si tambarare: ni vilima na mabonde yaliyojaa mikarafuu, minazi na miembe, na upepo unaofika uani kwako Chake Chake au Wete umeshagonga miti mingi njiani. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliteketeza mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo ngome ya karafuu. Miti hiyo iliyotajirisha kisiwa ndiyo inayokuzibia upepo leo. Mambo ni mengine ukienda Ras Kigomasha au pwani ya Micheweni, ambako ardhi ni ya mawe, miti mifupi, na bahari iko wazi mbele yako.

"Mtambo wa wati 500 utanipa wati 500."

Uongo, na huu ndio unaouza mitambo. Soma maandishi madogo kwenye kibandiko: mara nyingi wati hizo zimepimwa kwenye upepo wa mita 12 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 43 kwa saa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo kwa vyombo vya baharini upepo ukifikia kilomita 40! Yaani mtambo wako utatoa nguvu zake zote siku ambayo mvuvi ameambiwa ajihadhari na bahari.

Siku nyingine je? Hapa kuna hesabu ambayo muuzaji haitaji. Nguvu ya upepo haipungui sambamba na kasi yake. Hufuata kasi mara kasi mara kasi. Kasi ikishuka kwa nusu, ikawa mita 6, nguvu hubaki sehemu moja ya nane: wati 60 na kitu, za kuendesha pangaboi moja. Ikishuka hadi mita 4, ambao ni upepo mzuri tu wa kukaushia nguo, unabaki na sehemu moja ya 27. Wati 18. Taa mbili tatu.

Sasa linganisha na paneli ya sola ya wati 500. Kwa jua letu itakupa kama uniti mbili kwa siku. Mtambo ule, hata ukipata mita 6 bila kupumzika mchana na usiku, utakupa uniti moja na nusu. Na upepo wa nchi kavu haukeshi: jua likizama, mara nyingi nao hulala, saa ile ile unayotaka kuwasha taa.

"Mvua ikifunika jua, upepo utashika zamu."

Huko Ulaya, ambako baridi huja na dhoruba, hoja hii ina mashiko. Kwetu ni uongo. Masika huingia pale kaskazi linapokufa na kusi halijasimama. Vuli nayo hunyesha kusi likiwa limeondoka na kaskazi halijakaa sawa. Majira ya mawingu yetu ndiyo hayo hayo majira ya upepo mwepesi.

"Nitaufunga juu ya bati, niokoe gharama ya mlingoti."

Uongo wa hatari, kwa sababu paa zima litatetemeka nao. Upepo wa juu ya paa ni wa kuvurugika, unaopinda na kurudi, na mapanga hayaupendi. Uingereza walijaribu: mitambo 26 iliyofungwa kwenye majengo ilipimwa katika utafiti wa Warwick uliotolewa mwaka 2009. Kwa wastani kila mmoja ulitoa wati-saa 200 na kidogo kwa siku, yaani uniti moja kwa siku tano. Mingine ilikula umeme mwingi kuliko iliozalisha.

Kanuni ya mafundi ni kwamba mapanga yawe juu kwa mita 10 kuliko chochote kilichomo ndani ya mita 100. Mnazi mmoja wa mita 20 unakudai mlingoti wa mita 30, na nyaya zake na msingi wake wa zege. Bei hiyo haimo kwenye tangazo.

"Ukishafunga, umemaliza."

La. Chumvi ya bahari inakula beringi na viungio vya nyaya, na fundi wa kupanda mlingoti hapatikani kila shehia. Paneli ya sola unaifuta kwa kitambaa.

"Basi upepo haufai kitu."

Huu nao ni uongo. Mufindi, Iringa, kuna mitambo mitatu inayotoa megawati 2.4. Kule Ziwa Turkana, Kenya, kuna mitambo 365 inayofikisha megawati 310. Siri yao ni ukubwa, urefu wa minara, na mahali palipopimwa kabla ya kujenga. Upepo ni biashara ya jumla. Rejareja hauna faida.

Anayeweza kufikiria mtambo mdogo Pemba ni mwenye hoteli au kambi ya wavuvi iliyo mbali na nguzo za umeme, kwenye pwani iliyo wazi ya mashariki au kaskazini, na tayari ana sola. Huyo naye asimike kipima-upepo kwenye mlingoti kwa mwaka mzima kwanza, kaskazi na kusi, pamoja na ile miezi ya katikati. Kisha amwombe muuzaji ampeleke kwa mteja wa pwani ambaye mtambo wake umemaliza miaka mitatu na bado unazunguka.