Nani Humlinda Anayefanyiwa Utafiti?

Ukisikia neno "utafiti" huenda wawaza maabara na darubini tu. Lakini kabla daktari hajamjaribia mtu dawa mpya, kuna watu wanaopaswa kuusoma mpango wake na kuupitisha au kuukataa. Hao ndio kamati ya maadili ya utafiti. Hapa Kenya, KEMRI inayo yake, na vyuo vikuu kadhaa pia. Humo huketi madaktari, wanasheria na hata raia wa kawaida. Raia huyo asidharauliwe, maana ndiye huuliza: je, mama wa kijijini ataielewa fomu hii?

Hebu tutazame Kano, Nigeria, mwaka wa 1996. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa ikiua watu kwa maelfu. Kampuni ya Pfizer kutoka Marekani ikaijaribu dawa yake mpya, Trovan, kwa watoto 100. Wengine 100 wakapewa dawa iliyokuwa ikitumika tayari. Katika makundi hayo mawili walikufa watoto 11. Kampuni ilisema kilichowaua ni ugonjwa, na kwamba wazazi waliridhia kwa mdomo. Wazazi nao wakasema hawakuambiwa kuwa ni majaribio. Barua ya idhini ya kamati ilikuwepo, lakini kumbe iliandikwa baadaye ikawekewa tarehe ya nyuma! Wakati wa majaribio hospitali haikuwa na kamati yoyote. Mwaka wa 2009 Pfizer ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na jimbo la Kano, bila kukiri kosa.

Siku hizi kamati ziko nyingi Afrika, ila kuwepo si kufanya kazi. Wanakamati wengi wana kazi zao nyingine, na mafaili ni manene. Wakishapitisha, mara nyingi hakuna gari wala pesa za kwenda mashinani kukagua. Tena mwenye kuleta ombi aweza kuwa mwenzao wa ofisini, na mradi wake una fedha ambazo chuo kinazihitaji. Kusema "hapana" hapo si mchezo.

Halafu kuna lugha, na hapa ndipo chama chetu kinapohusika. Fomu nyingi huandikwa kwa Kiingereza kisha hutafsiriwa. Sasa "plasebo" utaiitaje? Ukisema "dawa" umedanganya. Ukisema "dawa bandia", mama atafikiria zile feki za dukani. Mimi ningeandika: "kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani." Maneno ni mengi, ndiyo, lakini anayeweka kidole gumba atajua anakubali nini.