Kichenjichenji na Ndugu Zake

Mwaka jana, mahindi mapya yalipoanza kuingia sokoni, nilikuwa kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu karibu na stendi ya Korogwe. Mbele yangu alisimama mama mmoja, kitambulisho mkononi, simu sikioni. Mumewe aliyeko Handeni alikuwa amemtumia elfu kumi.

"Baba watoto, umetuma kumi kamili. Ya kutolea nitoe wapi?"

Simu ilikuwa na sauti kubwa, jibu tukalisikia foleni nzima. "Si ikatwe humo humo!"

"Humo humo ni unga, mafuta na daftari la mtoto. Nionyeshe ya wakala iko wapi."

Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, ila uso ulibaki umekunjamana.

Kazi yangu ni lugha, na tangu siku hiyo "ya kutolea" haijanitoka kichwani. Neno "hela" limeondoka, kimebaki kihusishi "ya" na kitenzi, na hakuna Mtanzania asiyeelewa. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008. Msamiati wake mwingi haukuandikwa na kamati yoyote, ulizaliwa kwenye vibanda kama kile. Nikajiuliza: kama tumeweza kuipa jina ada ya kutolea pesa, kwa nini ugomvi wake haujapata jina?

Ugomvi wa pesa ndogo una tabia moja mbaya. Unaanza na kiasi, unaishia kwenye utu. Jambo lilikuwa jero ya chenji ya nyanya, lakini baada ya dakika tano mtu ameshaitwa mchoyo, mbadhirifu, mkono wa birika. Angalia sarufi ya matusi hayo. Mchoyo na mbadhirifu yamo katika ngeli ya M-WA, ngeli ya watu. Ukimwita mwenzako mchoyo, hujasema amefanya nini leo. Umesema yeye ni nani, na alivyo tangu azaliwe.

Kiswahili kina mlango mwingine, nao ninaupenda sana. Chukua kiambishi ki-, kisha rudia neno mara mbili: kizunguzungu, kiherehere, kimbelembele. Maneno haya hayasemi mtu ni nani, yanasema amepatwa na nini. Tunasema "ameshikwa na kizunguzungu", "kiherehere kimempanda". Kitu kinachopanda hushuka. Kinachomshika mtu humwachia.

Basi tuingie humo. Ugomvi wa chenji isiyorudi kutoka dukani uwe kichenjichenji. Mabishano ya shilingi mia tano, kijerojero. Na ule wa kibandani Korogwe, wa kutuma kiasi kamili bila ada, uitwe kitoleatolea. "Baba watoto, leo umeamka na kitoleatolea" ni lawama kamili, yenye madai na yenye uzito, lakini imemwachia mtu heshima yake.

Kuna muundo wa pili, wa vitenzi vinavyojibizana. Tuna vutanikuvute, tuna nipe nikupe. Kwa mfano huo naongeza toanitoe: hali ya wawili kukaa gizani kila mmoja akimsubiri mwenzake anunue umeme. Luku yenyewe ni neno la kubuniwa, kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na leo watoto wanalitamka bila kujua kuwa lina urefu huo. Hata daladala, kama inavyosimuliwa, lilitokana na dala, sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli. Jina la pesa limerudiwa mara mbili, likawa jina la gari.

Upande huu wa Tanga una historia ndefu ya kuunda maneno ya pesa na kazi. Mkonge ulipoingia mwaka 1893 na mashamba yakaenea hadi Korogwe, vibarua walioletwa kutoka mbali waliandikwa kwa namba, wakaitwa manamba. Kila mmoja alipewa kipande, kadi ya siku 30, na mshahara haukutoka mpaka kadi ijae. Nadhani kipande kinastahili kurudi nyumbani. Mume anayeahidi "mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi" anaweza kuulizwa kwa upole kipande chake kimebakiza siku ngapi.

Lakini maneno haya ni ya mambo madogo tu, na hapa nasema kwa msisitizo. Mikopo ya marejesho ya kila siku au kila wiki imeshapata jina lake mtaani, kausha damu, na ni jina la haki, kwa sababu linautaja mkopo, halimtaji mama aliyekopa. Mtu akiuza magunia yote ya mavuno kimyakimya, au akiacha watoto bila chakula, hicho si kichenjichenji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inamtaka mume amtunze mkewe kwa malazi, mavazi na chakula. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hapo hapahitajiki neno la utani, panahitajika wazee, au baraza la usuluhishi la kata.

Nilipeleka maneno yangu kwa bibi yangu, kule Magoma. Bibi na mjukuu ni watani, kwa hiyo hakunionea haya. Toanitoe alilikataa palepale: "Refu, nitalisahau kabla ya umeme kurudi." Kichenjichenji alikipokea. Kisha akakileta chake, ambacho ni kizuri kuliko vyangu vyote. Babu alikuwa amechukua elfu tatu kwenye kibubu cha bibi, akiahidi kuzirudisha baada ya siku mbili, na zilikuwa zimepita wiki tatu.

"Babu yako ana kisahausahau," akaniambia, sauti juu ili mhusika asikie. "Kinamshika kila nikitaja elfu tatu yangu."

Babu alikuwa uani ananoa panga. Hakuinua kichwa.

"Mwambie bibi yako kitapoa siku ya gulio," akasema.

"Gulio la lini?"

Panga likasimama kidogo juu ya jiwe. "La keshokutwa."