Mtoto wa kupakatwa, apakatwe na nani?

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Autazamaye kwa mbali huuona mwepesi, akastaajabu kwa nini aliyeubeba anatweta. Ukweli wa methali hii hudhihirika wazi katika mlango wa ndege, pale mama mja mzito anapoingia peke yake, mkoba begani, mtoto wa mwaka mmoja na nusu mkononi, na nyuma yake foleni ya watu wenye haraka. Wengi humtazama kwa jicho la huruma. Baadhi huomba kimoyomoyo asipangiwe kiti karibu nao. Wachache mno hujiuliza iwapo waliotunga kanuni za safari hiyo walipata kumfikiria mtu kama yeye.

Naam, hilo ndilo ninalokusudia kulijadili leo. Kanuni za usafiri wa anga zinamtambua mja mzito. Zinamtambua pia mzazi mwenye mtoto mdogo. Lakini hazimtambui yule ambaye ni wote wawili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo palipo na kasoro.

Huenda msomaji akauliza: kwani ni lazima asafiri? Kwa nini asisubiri ajifungue? Swali hili ni rahisi kwa asiyehusika. Yuko mama anayeishi na mumewe Doha au Dubai, ambaye mimba inapokua hutaka kurudi nyumbani ajifungue mikononi mwa mama yake mzazi, kama ilivyo desturi ya jamii zetu nyingi. Mume hana likizo, na mtoto wa kwanza hawezi kuachwa. Yuko mwingine aliyefiwa Kisumu naye yuko London. Yuko mwalimu anayekwenda masomoni ng'ambo, ambaye viza yake haingoji mwezi wa tisa. Watu hawa hawasafiri kwa anasa.

Isitoshe, sayansi haiwakatazi. Madaktari wa uzazi wanakubaliana kwamba mwanamke ambaye mimba yake haina matatizo aweza kusafiri kwa ndege hadi wiki ya 36, na kwamba miezi ya katikati, baada ya kichefuchefu kupungua na kabla ya tumbo kuwa zito mno, ndiyo inayofaa zaidi. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari au mkunga kuanzia wiki ya 28, na mwenye mimba ya pacha huzuiwa mapema zaidi. Mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuvuja damu au aliyewahi kujifungua kabla ya wakati hana budi kumwona daktari kabla ya kununua tiketi.

Hofu ya hewa ya angani nayo imetiwa chumvi. Ndani ya ndege ya abiria hewa hushindiliwa hata ikawa kama ile ya mahali palipoinuka kati ya mita 1,800 na 2,400 kutoka usawa wa bahari. Huo ni mwinuko wa Nakuru hadi Nyahururu. Mama wa Eldoret huipumua hewa ya namna hiyo mchana na usiku, na watoto wake huzaliwa wakawa wakimbiaji. Mama wa Mombasa au Lamu aweza kuhisi uchovu kidogo, lakini akiwa mzima wa afya, yeye na mtoto aliye tumboni hawadhuriki.

Hatari ya kweli ni damu kuganda katika mishipa ya miguu. Mimba yenyewe huifanya damu kuwa nyepesi kuganda, na kukaa kitako kwa saa nyingi huzidisha hatari hiyo. Ndiyo maana mja mzito hushauriwa aketi kando ya njia ya katikati, ainuke kila baada ya muda atembee, anywe maji kwa wingi, avae soksi za kubana, na afunge mkanda chini ya tumbo, juu ya nyonga.

Ushauri huu ni mwema, hapana shaka. Sasa hebu tumkabidhi mama wetu mtoto na tuone kama utatekelezeka.

Aambiwa atembee, lakini mtoto amesinzia kifuani pake baada ya kulia kwa saa nzima. Akiinuka, atamwamsha. Aambiwa anywe maji kwa wingi, lakini anywaye maji huenda msalani, na mja mzito huenda mara mbili ya wengine. Msala wa ndege haumtoshi vyema hata mtu mmoja mwembamba. Huyo mtoto atamwachia nani? Wahudumu wana kazi yao ya usalama na hawawezi kuwa yaya. Aambiwa asinyanyue vitu vizito, ilhali mtoto mwenyewe ana kilo 11, na mkoba wa nepi na maziwa unangojea kupandishwa juu ya kichwa chake. Kigari alichokiacha kwenye mlango wa ndege pengine atakirudishiwa huko mbele, mahali pa kuchukulia mizigo, baada ya kupanga foleni ya pasipoti akiwa amembeba mtoto. Kila agizo, likitazamwa peke yake, ni la busara. Yakikutanishwa, yanapigana.

Lakini mgongano mkubwa kuliko yote uko katika jambo moja dogo: kupakata.

Katika safari za ndege, mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili halazimiki kukatiwa kiti. Katika safari za kimataifa mzazi hulipa, kwa kawaida, karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, kisha humpakata mwanawe. Akitimiza miaka miwili, ni lazima awe na kiti chake. Kanuni hii imejengwa juu ya dhana kwamba kila mzazi ana mapaja yaliyo wazi. Mama mwenye mimba ya miezi saba hana mapaja hayo. Nafasi iliyokuwa ya mtoto wa kwanza imekwisha kutwaliwa na wa pili, ambaye naye amesafiri bila tiketi. Kanuni yasema mtoto apakatwe. Apakatwe wapi?

Wanafunzi wa fizikia wataniunga mkono katika hesabu hii ndogo. Sheria ya kwanza ya mwendo ya Newton yasema kwamba kitu kilicho katika mwendo hudumu katika mwendo huo mpaka kizuiwe na nguvu nyingine. Ndege ikisimama ghafla, mwili wa mtoto wataka kuendelea mbele. Tukichukulia kwamba mwendo unapunguzwa kwa kiwango kilicho mara tisa ya mvutano wa dunia, mtoto wa kilo 10 atavuta mbele kama mzigo wa kilo 90. Hakuna mkono wa mama, hata uwe na mapenzi kiasi gani, uwezao kuuzuia mzigo huo. Ulaya mtoto hufungwa mkanda mdogo uliounganishwa na ule wa mzazi. Marekani mkanda wa namna hiyo hauruhusiwi wakati wa kupaa na kutua, kwa kuchelea kwamba mwili wa mzazi waweza kumlemea mtoto. Wataalamu hao wasipoafikiana juu ya mama wa kawaida, seuze mama ambaye kati yake na mtoto kuna tumbo la miezi saba!

Jambo hili si la kubuni. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya shirika la United, safari nambari 232, iliharibikiwa na injini ya mkiani ikiwa angani, ikaanguka ilipojaribu kutua Sioux City, katika jimbo la Iowa, Marekani. Kati ya watu 296 waliokuwamo, 112 walifariki. Ndani yake mlikuwa na watoto wanne wasio na viti. Kwa kufuata maagizo ya wakati huo, wazazi waliambiwa wawalaze sakafuni na kuwashikilia. Mmoja wao alikufa. Mkuu wa wahudumu wa ndege hiyo, Jan Brown, aliyekuwa ametoa agizo hilo kama alivyofunzwa, alitumia miaka mingi baadaye akipigania kila mtoto apewe kiti chake.

Hakufaulu. Mwaka 2005 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilikataa kulifanya jambo hilo kuwa lazima. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Ilisema kwamba wazazi wakilazimishwa kununua kiti cha ziada, wengi watashindwa na nauli, watasafiri kwa gari, na barabarani watoto watakufa wengi kuliko watakaookolewa angani.

Hoja hiyo ina uzito zaidi kwetu sisi. Katika kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,000. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni mwendo wa takriban kilomita 480 kwa barabara, ilhali ndege huchukua muda usiozidi saa moja hivi. Tukimwambia mja mzito kwamba bila tiketi mbili haruhusiwi kupanda ndege, tutakuwa tumemsukuma kwenye basi la usiku. Kwa hivyo simuungi mkono anayetaka sheria ya kulazimisha, kwa sababu sheria hiyo ingemlipisha mama gharama ya kasoro ambayo si yake.

Ninalolitetea ni jambo jingine. Mja mzito aliyevuka wiki ya 28, anayesafiri peke yake na mtoto wa chini ya miaka miwili, apewe haki ya kumkatia mtoto huyo kiti kwa ile ile nauli ya kupakatwa, ndege inapokuwa na nafasi. Shirika la ndege hujua, kabla ya mlango kufungwa, ni viti vingapi vilivyobaki vitupu. Kiti kitupu hakimwingizii mwenye ndege hata senti. Kukiweka kando ya mama huyu ni suala la kupanga tu. Barua ya daktari tayari inadaiwa ili kumzuia anayekaribia kujifungua. Nini kitazuia barua hiyo hiyo itumike kumsaidia? Maadamu mashirika yana njia ya kumjua, hayana udhuru wa kutomhudumia.

Mpaka hapo patakapofikiwa, mama mwenyewe hana budi kujihami. Aombe kiti cha kando ya njia mapema. Achukue pasipoti ya mtoto, barua ya idhini ya baba na kijitabu cha kliniki, avitie katika mkoba anaoushika, asivitie katika mzigo. Ikiwa aendako hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, azungumze na daktari wiki kadhaa kabla, kwa kuwa chanjo hiyo ina virusi hai na haitolewi ovyo kwa waja wazito. Ndege inapoanza kushuka, amnyonyeshe mtoto au ampe kinywaji, kwa sababu kumeza huzibua masikio. Na barakoa za oksijeni zikishuka, avae yake kwanza. Moyo wa mama utakataa, lakini ndege ikiwa juu kabisa, mtu asiye na hewa aweza kupoteza fahamu chini ya dakika moja, na mama aliyezimia hawezi kumvika mtoto chochote.

Nasi abiria wengine tuna wajibu. Kumpandishia mama mkoba hakuhitaji sheria ya bunge, wala kubadilishana naye kiti, wala kumshikia mtoto kwa dakika tano akienda msalani, iwapo ataridhia. Jambo la busara ni kumuuliza, kwa heshima: "Mama, nikusaidie nini?" Katika matatu na mabasi yetu mtoto wa mtu hupakatwa na abiria asiyemjua, na hakuna anayeshangaa. Sijui ni kwa nini ustaarabu huo tunauacha chini tunapopanda ngazi za ndege.

Mwalimu anayetafuta mada ya mjadala darasani anaweza kuichukua hii: je, mtoto wa chini ya miaka miwili alazimishwe kuwa na kiti chake katika ndege? Humo mna fizikia, mna hesabu, mna uraia, na mna utu. Wanafunzi wakiijadili kwa makini watatambua kwamba kanuni yaweza kuwa ya haki kwa kila mmoja wa watu wawili, na bado ikamdhulumu yule aliye watu wawili kwa pamoja. Miongoni mwao wamo watakaokuwa marubani, mameneja wa mashirika na watunga sheria. Na wamo wengi watakaokuwa akina mama.