Mchango wa Kijiji: Unavyokusanywa na Unavyofanya Kazi

Katika vijiji vingi vya Tanzania, darasa, zahanati au nyumba ya mwalimu huanza na lundo la mawe. Kabla halmashauri ya wilaya haijatenga fedha yoyote, wakazi wa vitongoji huwa wamekwishasomba mawe na mchanga, wamefyatua matofali na kuyachoma, na mafundi wa hapohapo wamechimba msingi. Ukuta hupanda hadi usawa wa lenta. Kutoka hapo serikali hutarajiwa kuingia na mbao, bati, sakafu, lipu, milango na samani. Jengo lililofikia hatua hiyo huitwa boma, na mgawanyo huo wa kazi, wananchi boma na serikali umaliziaji, umejenga sehemu kubwa ya huduma zinazoonekana vijijini leo.

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko halmashauri. Upareni kazi ya pamoja huitwa msaragambo. Watu huitwa kwenda kutengeneza njia, kusafisha chanzo cha maji au kujenga. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji inayoteka maji kwenye mito ya juu na kuyashusha hadi kwenye migomba. Banio la mfongo hujengwa kwa mawe, udongo na majani, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha hubomoka. Linapobomoka, kila kaya inayotumia maji hayo hutoa mtu wa kwenda kuliziba na kulijenga upya. Asiyefika hutozwa faini, na zamani faini hiyo ililipwa kwa pombe ya ndizi au mbuzi. Asiyelipa hukosa zamu ya maji. Utaratibu huo haukuhitaji hotuba, kwa kuwa mchango na faida vilipita katika mfereji mmoja, na kila mtu alimjua aliyetegea.

Baada ya Uhuru serikali ilichukua desturi hiyo na kuifanya sera. Kaulimbiu ya TANU ya Uhuru na Kazi ilihimiza watu kujitolea kujenga barabara, shule na zahanati, na Azimio la Arusha la 1967 likaweka kujitegemea kuwa msingi wa maendeleo. Kwenye mikoa ya kahawa, vyama vya ushirika vilikuwa na njia nyingine nyepesi zaidi: kukata kiasi kidogo kwenye bei ya mazao na kukielekeza kwenye elimu. Mkulima aliyechangia kwa njia hiyo hakuhitaji kufuatwa nyumbani. Mchango ulitoka siku ileile alipopata fedha. Wakusanyaji wengi wa leo wangefaa kulikumbuka hilo wanapopanga tarehe ya mwisho ya kulipa, maana mchango unaodaiwa mwezi wa njaa hulipwa kwa kuuza kuku anayetaga.

Kisheria, mwenye uamuzi ni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya 1982 inaufanya mkutano huo, wenye wakazi wote waliotimiza miaka 18, kuwa chombo cha juu katika mambo ya kijiji. Halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25 huandaa pendekezo, kwa kawaida kupitia kamati ya huduma za jamii na kujitegemea, kisha mkutano hulijadili, hulipunguza au hulikataa. Kinachojadiliwa mara nyingi si kama watu wachangie au la. Ubishi huwa juu ya kipimo: kila kaya au kila mtu mzima? Fedha au nguvu kazi? Mwenye trekta na mwenye jembe moja watoe sawa?

Baada ya uamuzi, kazi hushuka kwenye vitongoji. Mwenyekiti wa kitongoji ana daftari la kaya, na kwenye daftari hilo huandikwa nani ameleta nini. Kaya moja hupangiwa ndoo za mchanga, nyingine mawe, nyingine maji ya kumwagilia matofali. Wanawake ndio hubeba sehemu kubwa ya mzigo huu, hasa maji, ingawa kwenye taarifa zinazopelekwa wilayani jina lake ni moja tu: nguvu za wananchi. Nguvu hizo hukadiriwa thamani kwa shilingi na kuhesabiwa kuwa sehemu ya gharama ya mradi. Wazee wasiojiweza, wagonjwa na watu wenye ulemavu kwa kawaida husamehewa, lakini msamaha huo hutegemea sana mwenyekiti na jinsi anavyowafahamu watu wake.

Mipango mikubwa ya taifa imeegemea nguvu hizo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza 2002, ulileta fedha za madarasa kwa kutegemea wananchi walete vifaa vya hapohapo na kazi ya mikono. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulifuata mwaka 2004, na sekondari za kata zikazaliwa. Katika miaka michache sekondari za serikali ziliongezeka kutoka chini ya 1,000 hadi zaidi ya 3,000. Walimu na maabara havikwenda kwa kasi hiyo, na shule hizo zilibezwa sana. Hata hivyo, maelfu ya watoto ambao wazazi wao wasingeweza kulipia shule binafsi walipata kidato cha kwanza kwenye madarasa yaliyojengwa na wazazi hao. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wa 2007 hadi 2017, nao uliweka lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, kwa mtindo uleule.

Kujenga ni kazi ya msimu mmoja au miwili. Kuendesha huduma hakuna mwisho. Chakula cha mchana shuleni ni mfano mzuri. Wazazi hukubaliana kiasi cha mahindi na maharage kwa kila mtoto, huleta baada ya mavuno, na kamati ya shule hukihifadhi. Mpishi hulipwa kwa mchango huohuo, na kuni huletwa kwa zamu. Makande yakikosekana, watoto hurudi nyumbani saa sita, na wengi hawarudi darasani. Kwenye maji, Sera ya Maji ya 2002 iliwataka wananchi wa vijijini washiriki gharama za ujenzi na wabebe gharama za uendeshaji. Kwa hiyo anayechota hulipia ndoo, na fedha hiyo ndiyo hununua dizeli, koki na kipuri cha pampu. Kwenye matibabu, Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza Igunga mwaka 1996 na kupata sheria yake 2001: kaya ililipa mara moja kwa mwaka na kutibiwa bila kutoa fedha kila ilipougua.

Kuna pia watoaji ambao hawaishi kijijini. Wazawa walioko mijini huchanga kupitia vyama vya watu wa nyumbani, na siku hizi kupitia makundi ya WhatsApp, fedha zikitumwa kwa simu. Desemba, Wachagga wanaporejea Kilimanjaro, ni mwezi wa vikao vya kanisa, shule na barabara za vijijini. Makanisani, baada ya ibada ya mavuno, hufanyika mnada: mkungu wa ndizi, jogoo, hata yai moja, huuzwa kwa bei ambayo sokoni ingechekwa, na mara nyingi mnunuzi hukirudisha kitu ili kinadiwe tena. Misikitini, sadaka na wakfu vimeendesha madrasa na visima kwa vizazi vingi. Wanasiasa nao huja na ahadi za mifuko ya saruji. Kenya, ambako harambee ilijenga mamia ya sekondari tangu 1963, ahadi za aina hiyo ziligeuka biashara ya kura, hata sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003 ikawawekea mipaka viongozi katika uchangishaji.

Tanzania nayo ina kasoro zake. Ya kwanza ni boma lisiloezekwa. Kijiji kinamaliza sehemu yake, fedha za wilaya zinachelewa, mvua inanyesha misimu kadhaa juu ya ukuta ulio wazi, na tofali linaanza kumeguka. Mkutano unaofuata hukosa watu, na si kwa uvivu. Kasoro ya pili ni matumizi ya nguvu. Kumbukumbu ya kodi ya maendeleo, iliyofutwa 2003, bado iko hai vijijini: mgambo waliobisha hodi alfajiri, mbuzi na baiskeli zilizochukuliwa. Mchango unaokusanywa kwa namna hiyo ni kodi tu, hata ukiitwa wa hiari. Ya tatu ni usawa wa juujuu. Kiasi kimoja kwa kila kaya huonekana cha haki, lakini mwenye duka hukilipa bila kuhisi, na kibarua hukilipa kwa siku kadhaa za kazi.

Elimu bila malipo, iliyoanza 2016, ilileta mkanganyiko mwingine. Wazazi wengi walielewa kwamba wamepumzishwa michango yote, na shule kadhaa zikabaki bila uji wala mlinzi. Serikali ililazimika kufafanua kwamba ada na michango ya lazima ndiyo iliyofutwa. Michango ya hiari, ikipata ridhaa ya wazazi na kibali cha mamlaka husika, haikukatazwa.

Ukitazama vijiji ambako uchangiaji umedumu, mali si kipimo cha kutosha. Vipo vijiji vya kahawa vyenye maboma yaliyoota nyasi, na vijiji vikame vyenye zahanati inayofanya kazi. Tofauti kubwa iko kwenye hesabu: stakabadhi kwa kila aliyetoa, orodha ya vifaa iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na mtendaji wa kijiji anayejibu maswali bila kukasirika. Mwanakijiji anayetaka kujua mchango wake uko wapi hana haja ya kungoja mkaguzi kutoka wilayani. Mapato na matumizi ni ajenda halali ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu.