Utani wa Arsenal, Man United na Liverpool: utumie kwenye biashara bila kupoteza mteja



Leo tuongee kitu ambacho wengi wetu tunakifanya kila wikendi bila kukifikiria: utani wa Ligi Kuu ya Uingereza. Jumamosi jioni fungua stetasi za WhatsApp uone. Muuza vitenge kaweka picha ya mtu analia na jezi ya Man United. Muuza asali anawauliza Chelsea wamebadilisha kocha mara ngapi. Muuza viatu hajaposti kiatu hata kimoja tangu asubuhi, yuko bize na Liverpool.

Mimi nauza vyombo vya jikoni na ni shabiki wa Arsenal, kwa hiyo kutaniwa nimezoea. Tulimaliza nafasi ya pili misimu mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025. Kuna mteja wangu akiagiza sufuria huwa anaandika, "Kaka, niwekee ile namba mbili, ndiyo size yenu." Nacheka, napakia mzigo, hela inaingia.

Utani huu ni mtaji. Unamfanya mteja arudi hata siku ambayo hanunui. Lakini una kanuni zake, na usipozijua unaweza kumpoteza mteja wa miaka mitatu kwa posti ya sekunde tatu. Twende taratibu.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye biashara

Hili wengi hawalijui. Wapinzani wakubwa wa Uingereza, ukifuatilia historia yao, unakutana na mambo yale yale yanayotusumbua sisi: kodi, usafiri na wateja.

Liverpool na Manchester. Zamani pamba ya viwanda vya Manchester ilikuwa inashukia bandari ya Liverpool. Watu wa Manchester wakachoka kulipa ushuru wa bandari na gharama za reli. Wakachimba mfereji mkubwa, ukafunguliwa mwaka 1894, meli za baharini zikawa zinafika mpaka Manchester kwenyewe. Yaani walimruka mtu wa kati. Ukiangalia nembo ya Man United utaona meli, na ya Man City pia ina meli. Mji hauna bahari, lakini meli ipo. Mpira ulikuta miji hiyo miwili tayari inaangaliana vibaya.

Everton na Liverpool. Hapa ni kesi ya mwenye fremu na mpangaji. Everton ndio waliokuwa wanacheza Anfield. Mwenye uwanja, John Houlding, mfanyabiashara wa bia, akagombana nao juu ya kodi. Mwaka 1892 Everton wakafungasha, wakaenda kujenga Goodison Park, upande wa pili wa bustani ya Stanley Park. Houlding akabaki na uwanja mtupu. Akaanzisha timu yake mwenyewe, na timu hiyo ndiyo Liverpool. Everton hawa hawa ndio waliokuja Dar Julai 2017 kucheza na Gor Mahia pale Uwanja wa Taifa, Rooney akafunga.

Arsenal na Tottenham. Arsenal walikuwa Woolwich, kusini mashariki mwa London, na watu uwanjani hawakuwa wa kutosha. Mwaka 1913 wakahamia Highbury, kaskazini, karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi. Kibiashara ni uamuzi mzuri, umemfuata mteja alipo. Tatizo ni kwamba kaskazini tayari kulikuwa na Tottenham. Ni kama una banda la chipsi mtaani kwako, halafu mtu wa mbali anakuja kufungua la kwake mtaa wa pili. Mwaka 1919 ligi ikaongezwa timu, ikapigwa kura ya nani aingie daraja la kwanza: Arsenal kura 18, Tottenham kura 8. Spurs wakashuka, Arsenal wakapanda. Zaidi ya miaka 100 imepita na hawajasahau.

Kwa hiyo mteja wako akikwambia "Spurs hatuwapendi", anabeba ugomvi wa wapangaji na wenye maduka wa karne nyingine. Na sisi tuliousikia kwenye redio, televisheni na vibanda umiza tumeuchanganya na kitu tulichokuwa nacho siku zote: utani.

Kanuni ya kwanza: mtani analipwa

Babu zetu walishatuwekea utaratibu. Mhehe na Mngoni, Mzaramo na Mnyamwezi, wanataniana, na anayetaniwa hakasiriki, kwa sababu anajua kesho ni zamu yake. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi kwa maana hiyo hiyo. Utani ni deni.

Uingereza nako ni hivyo hivyo. Mashabiki wa Man United walitundika bango Old Trafford lenye namba za miaka ambayo Man City walikuwa hawajachukua kombe lolote kubwa tangu 1976. Kila mwaka namba inabadilishwa. Ikafika 35. Mwezi Mei 2011 City wakachukua Kombe la FA, na njiani, nusu fainali, waliwatoa United hao hao. Bango likashushwa. Oktoba mwaka huo huo City wakaenda Old Trafford wakashinda 6-1. Mei 2012 wakachukua ubingwa kwa tofauti ya magoli, timu zote mbili zina pointi 89, goli la Aguero dakika za nyongeza.

Liverpool nao walitembea kifua mbele na makombe yao 18 ya ligi tangu 1990. United wakayafikia 2009, wakapita 2011, wakafika 20 mwaka 2013. Liverpool wakasubiri miaka 30 mpaka 2020 kupata la 19, na 2025 wakapata la 20. Sasa hivi ni ngoma droo, na kila upande una risiti za mwenzake.

Somo kwa muuzaji: usiposti utani ambao hutaweza kuupokea ukirudi. Kama timu yako ikifungwa unazima simu, unafuta komenti na unachelewa kujibu oda, basi wewe si mtani, ni mchokozi. Wateja wanaliona hilo haraka sana.

Kanuni ya pili: tania ubao wa matokeo, usitanie mtu

Mwaka 2009 Carlos Tevez alitoka United akaenda City. City wakaweka bango kubwa la bluu katikati ya jiji, picha ya Tevez kafungua mikono, na maneno machache tu: Karibu Manchester. Utani uko wapi? Uwanja wa United, Old Trafford, kiutawala uko wilaya ya Trafford, nje ya mpaka wa jiji la Manchester. Hakuna tusi, hakuna jina la mtu aliyedhalilishwa, na bango hilo linazungumzwa mpaka leo. Ferguson alikasirika, na kukasirika kwake kukalitangaza zaidi.

Angalia lilivyotengenezwa: fupi, lina ukweli ndani yake, na linamgusa mpinzani pale anapojivunia. Posti yako nayo iwe hivyo. "8-2" inatosha kumkumbusha mtu wa Arsenal Agosti 2011. "7-0" inatosha kwa mtu wa United, Machi 2023. Namba haina matusi na haibishaniki.

Ukishaanza "mashabiki wa timu fulani hawana akili", "ndiyo maana hamna hela", umetoka kwenye mpira. Huyo uliyemwambia hana hela ndiye uliyekuwa unategemea akununulie.

Kanuni ya tatu: msiba si utani

Hapa naomba uwe makini kweli, maana vijana wengi wanaokota picha na maneno huko mitandaoni bila kujua maana yake.

Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyobeba timu ya Man United ilianguka Munich. Walikufa watu 23, kati yao wachezaji 8. Tarehe 15 Aprili 1989, uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye msongamano. Idadi ya waliokufa leo inahesabika 97.

Ukiona utani wenye picha ya ndege kwa watu wa United, au namba 97 au 96 kwa watu wa Liverpool, ujue ni hayo. Machi 2023 makocha wa timu hizo, Klopp na Ten Hag, waliwaomba mashabiki wao kwa pamoja waache kuimba misiba ya wenzao. Mwaka huo huo shabiki mmoja alivaa jezi yenye maneno ya kukejeli waliokufa Hillsborough kwenye fainali ya Kombe la FA. Alipigwa faini na kufungiwa miaka 4 asikanyage viwanjani.

Kwetu, nani anathubutu kuitania MV Bukoba? Hata mtani anayekuja msibani na vituko vyake anakuja pia kufanya kazi, na lengo lake ni kuwainua wafiwa. Hawabezi marehemu.

Na tusijidanganye kwamba ni mambo ya Wazungu. Hapa Afrika Mashariki, Kenya na Uganda, kumeripotiwa mashabiki kuuana kwa ubishi wa mechi iliyochezwa London. Watu wasiojuana na wachezaji, hawajawahi kupanda ndege kwenda huko, wanaacha watoto yatima. Ukiona ubishi kwenye komenti zako umeanza kutaja wazazi, kabila au vitisho, funga komenti. Usisubiri. Ukurasa ni duka lako, na hakuna mwenye duka anayeacha watu wapigane ngumi mbele ya meza yake.

Sasa tunautumiaje?

1. Anza kwa kujitania mwenyewe. Timu yako ikifungwa, wewe ndiye uwe wa kwanza kuposti. Mimi siku ya kipigo naweka picha ya chujio: "Beki yetu leo. Hii ya kwangu inachuja kweli, 8,000 tu." Komenti za siku hiyo huwa nyingi kuliko za siku ya ushindi.

2. Lipa deni kwa ofa. Kabla ya mechi tangaza: tukifungwa, mashabiki wa timu iliyoshinda wanapata punguzo. Lakini piga hesabu kwanza. Seti ya sufuria nauza 45,000, faida yangu ni 12,000. Punguzo la 3,000 kwa wateja 10 wa kwanza ni 30,000, najua mwisho wake. Usiseme "wote mpaka Jumatatu", utajuta.

3. Subiri kidogo. Dakika ile filimbi inalia mtu ana hasira, na wengine wamechana mkeka. Acha apoe. Kesho yake asubuhi anacheka mwenyewe.

4. Inboksi usianze wewe. Kwenye stetasi unatania wote. Kwenye inboksi unamtania mtu mmoja, na hujui ameamkaje. Akianza yeye, jibu. Asipoanza, uliza tu, "Dada, mzigo ulifika salama?"

5. Oda ikiwa na tatizo, mpira unaweka pembeni. Mteja analalamika bodaboda kachelewa au kikombe kimefika kimepasuka, wewe unajibu, "Ndiyo shida ya mashabiki wa Chelsea, hamna subira." Hapo umemkosea mara mbili. Omba radhi, tatua, halafu utani urudi wiki ijayo.

6. Nembo za klabu zina wenyewe. Ni alama za biashara zilizosajiliwa. Kuchapa nembo ya Arsenal au Liverpool kwenye vikombe na fulana ukauza bila ruhusa ni kujitafutia kesi. Tanzania FCC wanakamata bidhaa bandia, na Kenya wana mamlaka yao. Tumia rangi na maneno yako. Kikombe chekundu chenye utani mzuri kinauzika bila nembo.

7. Mtaji usiende kwenye mkeka. Kuijua ligi vizuri si sawa na kujua matokeo. Hela ya kununulia mzigo ibaki ya mzigo.

8. Wakumbuke wasiopenda mpira. Mama anayetafuta hotpoti hana habari na Aguero. Ukiweka utani mara moja, weka bidhaa mara tatu au nne, na bei ionekane.

Timu itapanda, itashuka, kocha atafukuzwa, mchezaji atauzwa. Mteja wa Man United uliyemtania kwa adabu atarudi kununua, tena atarudi siku Arsenal kafungwa, makusudi, ili akuone uso. Siku hiyo mpokee vizuri, mcheke, umfungie mzigo wake.

Haya, weka kwenye komenti: unauza nini, na wewe timu gani? Watu wa Spurs msiogope kujitaja, hapa hatupigi mtu. Na kama una mwenzako anayegombana na wateja kila Jumapili kwa sababu ya mpira, mshirikishe hii kabla ya mechi ijayo.