Bando Imekatika na Faili Ziko kwa Simu? Hivi Ndivyo Unazivusha kwa Laptopu ya Linux na Bluetooth

Hii iko sana kwa makomredi. Umenunua laptopu ya ex-UK tao, mse wa duka akakuwekea Ubuntu ama Mint juu ni ya bure. Sasa usiku wa kupeana projekti, picha zote ziko kwa simu, bando imekatika, na waya ya chaja ni ile ya mtumba inachaji tu, haipitishi faili. Unawasha Bluetooth, simu na laptopu zinaonana, zinaungana fiti kabisa. Alafu ukituma faili, inakataa.

Usiitupe laptopu kwa ukuta. Iko hivi: kuungana na kutuma faili ni kazi mbili tofauti. Kwa Linux, BlueZ ndiyo inaendesha Bluetooth, lakini faili hubebwa na kitu inaitwa OBEX, na wakati mwingine hiyo ndiyo haijawekwa. Ndio maana spika inacheza ngoma poa na picha moja inakulemea.

Kwanza cheki kama Bluetooth yenyewe imefungwa. Fungua terminali uandike:

rfkill list

Ukiona "Soft blocked: yes" hapo kwa Bluetooth, andika sudo rfkill unblock bluetooth. Ikisema "Hard blocked: yes", tafuta ka-swichi pembeni ya laptopu ama ile batani ya kibodi yenye alama ya mawimbi. Na kama Bluetooth haiko kwa hiyo listi kabisa, pengine imezimwa kwa BIOS ama laptopu haina. Hapo ni kununua ile dongo ndogo ya USB.

Sasa omba mse wa karibu hotspot kidogo, utumie hii:

sudo apt install blueman bluez-obexd

Itakuitisha pasiwadi. Ukiandika, pengine hakuna kitu itaonekana kwa skrini, hata nyota. Usishtuke, andika tu ubonyeze Enter. Wasee wengi hukwama hapo wakidhani kibodi imekufa.

Ikimaliza, toka kwa akaunti yako na urudi, alafu ufungue Blueman. Washa Bluetooth ya simu na uiache kwa ile ukurasa ya Bluetooth ndio ionekane. Kwa laptopu, tafuta simu yako na uziunganishe. Namba sita zitatokea pande zote mbili. Hakikisha zinafanana kabla ukubali. Alafu iweke simu yako kama kifaa unachoamini, yaani "Trust".

Kutoa faili kwa laptopu kwenda kwa simu ni rahisi: bonyeza simu yako na batani ya kulia ya mausi, chagua kutuma faili. Kupokea ndio huwa na ngori. Kwa Blueman, ingia "Local Services", halafu "Transfer", uchague folda ya kuwekea. Lakini kama unatumia setingi za kawaida za Ubuntu, lazima ukurasa wa Bluetooth ukae wazi muda wote unapokea. Ukiufunga tu, laptopu inajificha na simu inakuambia imeshindwa. Faili zenyewe utazipata kwa Downloads.

Bado imegoma? Andika sudo systemctl restart bluetooth, futa muungano kwa simu na kwa laptopu pia, alafu uanze upya. Kufuta upande mmoja tu haisaidii, ule mwingine bado unakumbuka ufunguo wa zamani.

Wasee wa iPhone, poleni. Simu yenu haitumi faili kwa Bluetooth hivi, hata ufanye nini. Tafuta waya.

Na usijaribu kuvusha muvi. Mara nyingi Bluetooth inasukuma kama KB 250 kwa sekunde. Ngoma ya MB 5 ni kama sekunde 20, lakini muvi ya MB 700 itakula karibu dakika 47, na ukisonga mbali kidogo inaweza kukatika ikiwa 90%. Hii ni ya picha, PDF na CV.

Ukimaliza, zima Bluetooth, haswa ukiwa kwa mathree. Na faili kutoka kwa jina hujui ikibisha, kataa tu.