Kinga Inaporejea Jichoni: Sitomegalovirusi kwa Wagonjwa wa UKIMWI

Magonjwa mengi ya macho hujitangaza: jicho huwa jekundu, huuma, hutoa machozi au tongotongo. Ugonjwa wa retina unaosababishwa na sitomegalovirusi (CMV) haufanyi hivyo. Mgonjwa wa UKIMWI huweza kupoteza sehemu ya uoni wake ilhali jicho ni jeupe na halimuumi, na ukimya huo hutokana na udhaifu wa kinga yenyewe.

Kirusi hiki ni cha jamii moja na kile cha mkanda wa jeshi. Watu wazima wengi wanacho bila kujua. Kikishaingia mwilini hakitoki. Hujificha, na seli za kinga hukizuia kisizaliane. Seli za CD8 huua seli zilizoambukizwa, nazo za CD4 huratibu mapambano hayo. VVU huangamiza CD4. Idadi yake inaposhuka chini ya 50 katika mikrolita moja ya damu, CMV huamka, husafiri katika damu hadi kwenye retina, yaani tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, na kuiharibu hatua kwa hatua. Walinzi wakiwa wachache, uvimbe huwa mdogo mno kuleta maumivu. Mgonjwa huona vidoa vinavyoelea, mimweko ya mwanga au kivuli pembeni. Wengine hawaoni dalili yoyote mwanzoni. Sehemu ya retina iliyokufa haioti tena, na iliyokonda huweza kutoboka na kubanduka.

Tiba mseto ya ARV ilipoanza kuenea mwaka 1996, ugonjwa huu ulipungua sana katika nchi zilizoipata mapema. Hata hivyo, madaktari walikutana na jambo ambalo hawakulitarajia: macho ambayo CMV ilikuwa imetulia yalianza kuvimba kwa ndani. Seli za kinga zilizorejea zilikuwa zimetambua mabaki ya kirusi jichoni na kuyashambulia. Uvimbe huo huweza kujaza majimaji katika kitovu cha retina, kule kunakotegemewa kusoma na kutambua nyuso, au kuleta mtoto wa jicho. Hutibiwa kwa dawa za jamii ya steroidi chini ya uangalizi wa daktari wa macho.

Hapa ndipo kosa la hatari huzaliwa. Mgonjwa anayeona ukungu wiki au miezi kadhaa baada ya kuanza ARV huweza kuamini kuwa dawa ndizo zinazompofusha, akaziacha. Akiziacha, CD4 hushuka na CMV hurudi, pengine katika macho yote mawili. Mtoa huduma anayemweleza hayo mapema, kabla ukungu haujaja, humsaidia kuliko anayemkaripia baadaye.

Mwenye CD4 za chini sana apimwe retina kwa matone ya kupanua mboni kabla ya kuanza ARV, au mapema iwezekanavyo. Gansiklovia hutolewa kwa dripu au kwa sindano ndani ya jicho, na valgansiklovia kwa vidonge. Sindano ya jicho hulinda jicho lile tu lililochomwa. La pili na viungo vingine huhitaji dawa inayopita katika damu. Nyumbani, mgonjwa azibe jicho moja kwa kiganja na kutazama ukuta kwa jingine, kisha abadilishe: jicho zima huficha upungufu wa mwenzake.